Sura ya Sita: Usiitupe Laptopu, Badili Diski

Washa laptopu yako, subiri mpaka ifike kwenye ukurasa wa mwanzo, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kama unatumia Windows, litafunguka dirisha la Task Manager lenye safu za asilimia: prosesa, RAM, diski, mtandao. Katika laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue utakuta prosesa iko kwenye asilimia 10 au 15, RAM imefika nusu, na diski imeganda kwenye 100. Itakaa hapo dakika mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Muda wote huo ukibofya Word haifunguki. Ukibofya tena, baadaye zinafunguka mbili kwa mpigo.

Mwenye mashine akiona hivyo husema imechoka. Muuzaji naye anaafiki haraka, maana anayo nyingine ya kumuuzia. Lakini zile asilimia zinasema jingine. Prosesa yenye asilimia 15 haijachoka. Imekaa bure inangoja kuletewa kazi. RAM iliyojaa nusu bado ina nafasi. Anayehangaika peke yake ni diski, na diski ni kifaa cha kutoa na kuweka. Msimamo wangu katika sura hii ni kwamba, kwa laptopu yenye hadi diski, yaani diski ya sahani zinazozunguka, hakuna pesa utakayoitumia ikakupa nafuu kubwa kuliko ile ya kuing'oa hadi diski hiyo na kuweka SSD, diski ya chipu. Kuongeza RAM hakutafikia hapo, kupiga Windows upya kila baada ya miezi michache hakutafikia, na zile programu za kusafisha kompyuta zinazojinadi kwenye intaneti ndizo kabisa hazitakusaidia. Diski kwanza.

Ili uone kwa nini nasema hivyo kwa uhakika, inabidi tuitazame hadi diski kwa ndani. Mna sahani moja au mbili zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozunguka bila kupumzika. Juu yake kuna mkono mwembamba, na kwenye ncha ya mkono kuna kichwa cha kusomea kinachoelea nanomita chache tu kutoka kwenye sahani bila kuigusa. Ni ufundi unaostahili heshima, na ni wa siku nyingi. IBM waliutangaza Septemba 1956 katika mashine ya RAMAC iliyobuniwa San Jose, California. Diski ya mashine hiyo ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, uzito wake ulikaribia tani nzima, na iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 hivi, kiasi kinacholingana na picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo. Tangu hapo sahani zimepungua na kusinyaa hadi kuenea kiganjani, na uwezo wake umepanda mara malaki. Kanuni haikubadilika: sahani izunguke, mkono uende, kichwa kisome.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu siri yote imo humo. Hadi diski za laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Gawanya kwa 60 upate mizunguko 90 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja huchukua kama sehemu 11 kati ya 1,000 za sekunde. Kompyuta ikiomba kipande cha data, kwanza mkono lazima usogee hadi kwenye mstari wake, jambo linalochukua wastani wa sehemu 12 hivi za 1,000. Ukishafika, lazima ungoje sahani izunguke mpaka kipande chenyewe kipite chini ya kichwa. Kwa wastani ni nusu ya mzunguko, sehemu 5.6. Jumla ni 17 na ushee. Kwa hiyo katika sekunde nzima diski ile inaweza kuokota vipande visivyozidi 60 vilivyotawanyika. Kama kila kipande ni kilobaiti 4, kama ilivyo kawaida, umepata kilobaiti 230 kwa sekunde. Hii ni diski ileile ambayo kwenye boksi imeandikwa kwamba inasoma megabaiti 100 kwa sekunde, na boksi halikudanganya: ukinakili filamu moja kubwa iliyopangwa mfululizo, utazipata hizo 100. Tatizo ni kwamba kuwasha Windows si kusoma filamu. Ni kuokota maelfu ya vipande vidogo vilivyosambaa huku na huko. Vikiwa 5,000 tu, kwa mwendo wa 57 kwa sekunde, umekaa karibu dakika moja na nusu, na bado hujafungua hata barua moja.

Fikiria karani wa masjala anayesoma kwa kasi ya ajabu akishalishika jalada mkononi, lakini kila jalada linamlazimu ainuke, atembee hadi rafu ya mwisho, arudi. Ukimpa jalada moja nene atakufurahisha. Ukimpa barua 5,000 zilizo kwenye rafu tofauti, mtalala ofisini.

SSD haina sahani wala mkono. Hakuna kinachotembea, hivyo hakuna cha kungoja. Ombi la kipande kidogo hujibiwa kwa sehemu moja ya kumi ya elfu ya sekunde, au pungufu. Vile vipande 5,000 vilivyotuchukua dakika moja na nusu huishia nusu sekunde. Mtu akikuambia kwamba laptopu yake ya 2012 imekuwa mpya baada ya kubadili diski, anachosema kina msingi wa hesabu.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali ninaloulizwa mara nyingi: mbona mashine hii ilikuwa nzuri iliponunuliwa, na leo inasuasua? Kwa sababu kazi imebadilika, mkono ni uleule. Windows 10 na 11 hufanya mambo mengi nyuma ya pazia: zinakagua virusi, zinapakua masasisho, zinaorodhesha mafaili ili uyatafute haraka, zinatabiri programu utakayoifungua. Kivinjari nacho kinaandika na kusoma vijipande kwenye diski kila unapofungua ukurasa. Kila mmoja kati ya hawa anataka zamu yake kwa mkono mmoja ulio na uwezo wa safari 60 kwa sekunde. Mwenye mashine, aliyekaa mbele ya kioo, naye yuko kwenye foleni hiyohiyo.

Chipu zinazotumika ndani ya SSD ni za kumbukumbu ya flashi, jamii moja na zile za kadi ya kumbukumbu ya simu. Aliyezibuni ni mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, akiwa Toshiba. Aliuonyesha ulimwengu ubunifu wake wa kwanza mwaka 1984, na aina ya NAND, ambayo ndiyo inayotumika katika SSD, ikafuata 1987. Kila seli huhifadhi data kwa kunasa elektroni ndani ya mtego mdogo wa umeme, na hubaki zimenaswa hata umeme ukikatwa. Seli inayobeba biti moja inahitaji kutofautisha viwango viwili tu vya umeme. Inayobeba biti tatu, ambayo ndiyo iliyojaa madukani kwa jina la TLC, inatofautisha viwango 8. Ya biti nne, QLC, viwango 16. Kadiri viwango vinavyobanana ndivyo seli inavyokuwa rahisi kwa bei, nzito kuandika na nyepesi kuchakaa.

Hapo ndipo linapokuja neno linalowatia watu hofu, kwamba SSD "zinaisha". Ni kweli. Kila kufuta na kuandika kunaumiza kidogo ukuta wa seli. Lakini watengenezaji huandika wazi kiasi ambacho diski inaweza kuandikwa ndani ya dhamana. Kingston A400 ya gigabaiti 240, mojawapo ya SSD nafuu zilizoenea sana madukani kwetu, imepewa terabaiti 80. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 imepewa 300. Mtu wa kazi za kawaida za ofisi, tumpe gigabaiti 20 za kuandika kila siku, na hizo ni nyingi. Ile Kingston itamchukua miaka 10 na zaidi kufika kikomo, ile Samsung miaka 40. Mkono wa hadi diski, ukipanda nao daladala au bodaboda kila asubuhi kwenye barabara zetu, haukuahidi chochote cha namna hiyo.

Tusidanganyane hata hivyo: zipo laptopu ambazo ushauri wa sura hii hauzihusu. Zile ndogo za bei ya chini, kama HP Stream 11 yenye gigabaiti 32, hifadhi yake imechomelewa moja kwa moja kwenye madabodi. Hakuna cha kung'oa. MacBook za miaka ya karibuni nazo zimechomelewa. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 2 ambayo haiongezeki itapata nafuu, lakini nafuu ya muda, kwa sababu RAM ikijaa Windows huanza kutumia diski kama RAM, na hata SSD haina kasi ya RAM. Kwa mashine kama hiyo, RAM ifike walau 4, ikiwezekana 8, ndipo diski mpya ionekane thamani yake. Na kama Task Manager ilikuonyesha prosesa ndiyo iliyo kwenye asilimia 100 huku diski imetulia, ugonjwa uko kwingine. Usinunue SSD kwa sababu jirani alinunua.

Pia hakikisha huna SSD tayari. Kwenye Windows andika "defrag" katika sehemu ya kutafutia, fungua dirisha litakalojitokeza, na usome safu ya aina ya diski. Kwenye Linux amri ya lsblk -d -o name,rota itakuandikia 1 kwa diski inayozunguka na 0 kwa isiyozunguka. Nimekutana na watu waliouziwa SSD wakati mashine ilikuwa nayo.

Ukishajua unayo hadi diski, swali linalofuata ni umbo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Hadi diski ya laptopu ina upana wa inchi 2.5 na huunganishwa kwa njia ya SATA. SSD ya umbo hilohilo huingia palepale, kwa waya uleule na skrubu zilezile. Angalia unene tu: za zamani nyingi zilikuwa milimita 9.5, SSD ni 7. Nyembamba kuingia penye nafasi pana si tatizo; inawekewa kifremu cha plastiki isicheze. Umbo la pili ni M.2, kijibao chembamba kama kipande cha chingamu, kwa kawaida upana milimita 22 na urefu 80, ndiyo maana kimeandikwa 2280. Na M.2 zenyewe ni mbili: zipo zinazozungumza SATA na zipo zinazozungumza NVMe. Kwa macho zinafanana mno, zinatofautishwa na mikato midogo kwenye meno. Ukiweka ya NVMe kwenye sloti ya SATA, mashine haitaiona kamwe, na muuzaji atakuambia umeiharibu wewe.

Kwa hiyo usiende dukani na jina la "SSD" peke yake mdomoni. Geuza laptopu, soma modeli chini, tafuta mwongozo wake wa matengenezo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Lenovo, HP na Dell wote huweka miongozo hiyo bure kwa mashine zao za kiofisi. Humo utaona kila skrubu na kila sloti. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina sloti ya M.2 na pia nafasi ya diski ya inchi 2.5, hivyo unaweza kuweka Windows kwenye ndogo na kubakiza ile kubwa kwa video na picha. Mwenye mashine asiyejua hilo ataambiwa achague moja.

Je, NVMe ni bora? SATA hufikia ukingo kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde. NVMe za kizazi cha tatu cha PCIe hufika 3,500, za kizazi cha nne 7,000. Ni tofauti kubwa kwa mtu anayehariri video. Kwa mwalimu, karani, mwanafunzi au mfanyabiashara anayefungua Excel na kivinjari, mruko mkubwa ni ule wa kutoka sahani inayozunguka hadi SSD yoyote ile. Ule wa kutoka SATA hadi NVMe hatauona sana. Kama laptopu yako ina nafasi ya SATA tu, usihuzunike wala usiitupe kwa sababu hiyo. Hata mashine za kabla ya 2011, ambazo SATA yake ni ya nusu ya kasi, hupona, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kungoja mkono, na mkono umeondoka.

Kuhusu ukubwa, gigabaiti 240 au 256 zinatosha kwa kazi nyingi, na 500 zinakupa uhuru. Usishtuke ukiona diski ya 240 inasomeka 223, au ya 500 inasomeka 465. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kwa bilioni kamili, Windows inahesabu kwa mizidisho ya 1,024. Hujaibiwa.

Utakachoibiwa ni hiki: SSD bandia. Zinauzwa mitandaoni na mitaani zikiwa na maandishi ya terabaiti 2, 4, hata 16, kwa bei ambayo haitoshi kununua ya gigabaiti 500 halisi. Ndani yake kuna chipu ndogo na programu iliyofundishwa kusema uongo. Kompyuta ikiuliza ukubwa, inajibiwa terabaiti 2. Unanakili mafaili, unaona majina yake yote, unaridhika. Nafasi halisi ikijaa, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani, na siku utakayofungua picha za harusi ndipo utakapokuta hazifunguki. Njia ya kujua ni kuijaza diski yote kisha kuisoma yote. Programu ya H2testw hufanya hivyo kwenye Windows, na F3 kwenye Linux; zote ni za bure. Inachukua saa kadhaa. Fanya hivyo ukiwa bado ndani ya siku za kurudisha bidhaa, kabla hujaweka kitu chochote cha thamani. Ukinunua SSD iliyotumika, mwombe muuzaji aichomeke na kufungua CrystalDiskInfo mbele yako: inaonyesha asilimia ya afya, saa ilizowashwa, na kiasi kilichokwisha kuandikwa. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Tukifika kwa fundi, mazungumzo mazuri huanza hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka unibadilishie diski."

"Sawa mama. Data zako ziko wapi?"

"Si humo humo ndani."

"Humo tu, hakuna pengine?"

"Humo tu."

"Basi mama, leo hatuanzi na diski mpya. Tunaanza na hizo data."

Fundi anayeuliza hivyo, mshike. Asiyeuliza, chukua mashine yako uende nayo kwingine. Laptopu inayosuasua huenda ina diski iliyo mbioni kufa, si iliyo polepole tu. CrystalDiskInfo ileile itakuonyesha mistari miwili ya kuitazama kuliko mingine yote, wa 05 na wa C5: wa kwanza unahesabu sehemu za sahani zilizokwisha kutelekezwa, wa pili sehemu zinazoshindwa kusomeka sasa. Namba zikiwa sifuri, vuta pumzi. Zikiwa zimepanda, usijaribu kuikloni diski nzima mara tatu nne ili uone kama itakubali. Kila jaribio linauchosha mkono uliokwisha kuchoka. Toa kwanza yale ambayo ukiyapoteza utalia: tasnifu, hesabu za kikundi, picha za marehemu, skani za hati ya kiwanja. Yaweke kwenye diski ya nje, uyafungue machache kuhakikisha yanasomeka. Mengine yatafuata.

Hapo sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kukloni, yaani kuihamisha diski nzima ilivyo, Windows na programu zako zote, hadi kwenye SSD iliyochomekwa kwa waya wa USB. Clonezilla ni ya bure na ya kuaminika, ila kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Kama SSD ni ndogo, itabidi upunguze partisheni kwanza. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, sitisha ulinzi huo kabla ya kuanza, na andika mahali salama ule ufunguo wa tarakimu 48. Kuna watu wamezikosa data zao zikiwa nzima kabisa, kwa kukosa namba hiyo tu.

Njia ya pili ni kuanza upya, na mimi ndiyo ninayoipendelea. Laptopu ya mtumba imepita mikono mingi. Windows iliyomo huenda ilipigwa kibandani kwa nakala ambayo hujui ilitoka wapi na imebeba nini. Ukiwa na flashi ya gigabaiti 8 na programu ya Microsoft iitwayo Media Creation Tool, unapata Windows safi kutoka kwa wenyewe. Leseni isikutishe. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye huhifadhi ufunguo wake ndani ya madabodi, na kubadili diski hakuugusi. Hapa niongeze jambo linalowahusu wengi: Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Mashine nzuri za kizazi cha tatu hadi cha saba zimebaki nje ya mlango huo. SSD mpya ikishawekwa ni wakati mwafaka wa kujaribu Linux Mint au Ubuntu, ambazo zinapata masasisho bila malipo. Kwa anayetumia kivinjari na LibreOffice, atazizoea ndani ya wiki.

Kazi yenyewe ya mikono ni fupi kuliko maelezo yake. Tuchukue ThinkPad X230, mashine ya 2012 ambayo bado imejaa tele sokoni. Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaji, toa betri. Gusa chuma chochote kilichogusana na ardhi ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Chini ya laptopu, pembeni, kuna skrubu moja inayoshikilia kifuniko cha diski. Ifungue kwa bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye kichwa chake, kwa sababu bisibisi ndogo kuliko inavyotakiwa ndiyo inayokula vichwa vya skrubu. Kifuniko kitateleza na kutoka. Utaona kiulimi, kivute taratibu, na hadi diski itatoka imevikwa mipira miwili mbavuni. Vua mipira hiyo, uivike SSD, uirudishe kwa mkao uleule mpaka usikie meno yake yameshika. Rudisha kifuniko, skrubu, betri. Kumbuka X230 inapokea diski ya milimita 7 pekee, na SSD ndivyo zilivyo. Mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi anaweza kufanya haya mezani kwake. Laptopu nyingine zitakutaka ufungue mgongo wote, na zenye betri ya ndani zinakutaka uchomoe waya wa betri hiyo kabla ya kugusa kingine chochote.

Ukiwasha, ingia kwenye BIOS uhakikishe njia ya SATA imewekwa AHCI. Sakinisha mfumo, weka mafaili yako, basi. Usiifanyie SSD ile defrag ya zamani ya kupanga vipande, kwa kuwa haina mkono wa kupunguziwa safari na unaichakaza bure. Windows 7 na zilizofuata zinajua kuitunza zenyewe kwa amri ya TRIM, inayoiambia diski ni sehemu zipi hazina kazi tena. Wewe iachie nafasi, usiijaze zaidi ya asilimia 80 au 85, maana ikijaa inakosa pa kupangia na inapunguza mwendo. Bekapu endelea kuifanya kwa nidhamu kubwa kuliko awali. Hadi diski inayokufa mara nyingi hupiga kelele na kukwamakwama kwa siku kadhaa, ikakupa muda wa kuokoa. SSD inaweza kuzima asubuhi moja bila dalili, na kilichofutwa ndani yake kwa TRIM hakirudishwi na fundi yeyote.

Hadi diski ya zamani ni mali yako. Idai. Ndani yake kuna nywila zako, nakala za kitambulisho na taarifa za benki, na kuzifuta kwa kubonyeza Delete hakukuziondoa. Kama ni nzima, inunulie kasha la USB uitumie kwa bekapu. Kama ni mbovu, ivunje sahani zake kabla ya kuitupa.

Mwisho nina ombi kwa wakuu wa shule, wahasibu wa halmashauri na viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, ninyi mnaopanga bajeti za kompyuta. Kabla hamjaandika kwamba mashine 20 zimechakaa na zinahitaji kubadilishwa, chukueni moja tu. Ondoeni hadi diski, wekeni SSD ya gigabaiti 240, mrudishieni mtumiaji wake aifanyie kazi wiki nzima. Kisha muulizeni kama bado anataka mpya, na jibu lake liingie kwenye kikao cha bajeti.